Kit Mikayi na watoto wa miaka 3 na 6: wapande au wabaki chini?

Mama Wawili
Hamjambo wote. Jumamosi tunatoka Kisumu kwa matatu kuwapeleka watoto Kit Mikayi, yale majabali marefu yaliyorundikana huko Seme. Mkubwa ana miaka 6, mdogo 3, na watu wazima ni wawili. Tufike saa ngapi? Huyu mdogo anaweza kufungwa mgongoni kwa leso hadi juu? Na tubebe nini?

Jabali la Seme
Karibuni sana. Pandeni matatu ya Bondo, si ya Busia. Ya Busia hunyoosha kwenda Maseno, na njia yenu inakata kushoto pale Kisian. Kutoka mjini ni kama kilomita 29. Mwambieni makanga mapema mnashukia Kit Mikayi.

Fikeni saa tatu asubuhi, mmalize kabla ya saa sita. Adhuhuri jiwe huchomwa na jua hadi mtoto anashindwa kuliwekea kiganja, na kupanda pale ni kwa mikono na miguu. Kisha mvua za upande huu wa ziwa hupenda kuja alasiri. Jiwe likilowa msipande, hata kama mvua imekatika. Palipokanyagwa miaka mingi pamelainika kama kigae, na penye kivuli pana utelezi wa kijani usiouona mpaka umeukanyaga.

Viatu viwe vya raba, vya kufunga. Kandambili huchomoka mguuni wakati wa kushuka.

Baba Pacha
Dada, kuhusu leso: tambarare, ukilizunguka jiwe kwa chini, haina shida. Kwenye nyufa kati ya majabali ndipo hatari ilipo. Mtu mzima hupita kiubavu, na aliye mgongoni hugongwa kichwa kwenye jiwe bila mbebaji kuona. Ukimhamishia kifuani, huoni unapoweka mguu. Hapo mfungueni: mmoja atangulie, asimame imara, wa pili ampokeze mtoto mkono kwa mkono. Kama hakuna pa kusimama nyote wawili, hapo ndipo mwisho wa safari ya mdogo.

Huyo wa miaka 6 mpimeni nyumbani. Akishuka ngazi mguu huu, mguu ule, bila kushika ukuta, anaweza kujaribu sehemu za chini. Kupanda watoto hupanda kama pimbi. Kushuka ndiko huwashinda, kwa sababu mguu wao haufiki na wanaanza kuruka. Ashuke akiwa ameliangalia jiwe, tumbo karibu nalo, na mtu mzima awe CHINI yake akimwelekeza mguu. Kumvuta mkono kutoka juu kunamtoa kwenye mhimili wake.

Mama Wawili
Asanteni mno. Nimesikia watu huenda kuomba pale. Watoto wangu wana kelele.

Jabali la Seme
Ni kweli. Waumini, wakiwemo wa Legio Maria (kanisa la Kiafrika lililojitenga na Katoliki), huja kufunga na kuomba, wengine wakikaa mapangoni. Mkiona mishumaa au mtu amepiga magoti, pitieni upande mwingine, na msipige picha bila idhini. Mchukue kiongozi wa pale: anajua pango lipi lina watu na njia ipi inamfaa mtoto. Mwambieni umri wao kabla hamjaanza, ili asiwapeleke njia ya vijana.

Pia awasimulie maana ya jina. Kit Mikayi kwa Kidholuo ni jiwe la mke wa kwanza; hadithi yasema mzee Ngeso alilipenda jiwe hilo hata mkewe akawa anamletea chakula pangoni. Mtoto wa miaka 3 aliyebaki chini na hadithi na mijusi ya kutazama hatalia kwamba ameachwa.

Baba Pacha
Vya kubeba: maji, lita moja kwa kila mtoto na moja na nusu kwa mtu mzima, kofia, kitambaa cha kufutia mikono, nguo moja ya kubadilisha, na tochi ndogo, kwa kuwa ndani ya nyufa ni giza hata mchana. Vyote viwe kwenye mkoba wa mgongoni wa yule asiyembeba mtoto; mikono yenu minne ibaki mitupu. Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani.

Na mkisikia mvumo wa nyuki ndani ya ufa, rudini mlikotoka polepole, watoto wakitangulia. Msirushe jiwe wala kupaza sauti.