Naomba ushauri: nimekuta kipande cha gari la mashindano la kabla ya vita hapa Zwickau

MgeniSaksonia: Wakuu, habari za jioni. Niko Zwickau, Ujerumani, mwaka wa nne sasa. Kazi yangu ni kubeba mizigo na kuondoa vitu kwenye nyumba ambazo wenyewe wamehama. Mwezi uliopita, stoo ya chini ya ardhi, nyuma ya chupa za matunda ya kusindika, nilikuta gunia la viazi. Ndani pistoni moja ya alumini imefungwa kwa gazeti. Mtu kaniambia huenda ni ya Auto Union, yale magari ya mashindano ya miaka ya 1930. Magari yenyewe yaliishia wapi? Na kitu hiki kina thamani gani? Usingizi sipati.

FundiGerezani: Mkuu umenigusa pabaya. Auto Union ilizaliwa 1932, Audi, DKW, Horch na Wanderer zilipoungana. Ndiyo zile pete nne. Magari ya mashindano yaliundwa hapohapo ulipo, kiwanda cha Horch, kwa mchoro wa Ferdinand Porsche, injini nyuma ya dereva. Type C ya 1936 ilikuwa na silinda 16, lita 6. Sheria zikabadilika 1938, ikaja Type D, silinda 12, lita 3. Dereva Mwitaliano Nuvolari alishinda nayo Belgrade tarehe 3 Septemba 1939, siku ileile Uingereza inatangaza vita! Baada ya hapo yakafichwa mgodini. Warusi wakayakuta 1945, wakayabeba kwao, wakayagawa viwandani na kwenye taasisi yachunguzwe. Mengi yalikatwakatwa. Hebu pima kipenyo: silinda ya Type C ni mm 75, ya Type D mm 65.

BintiPangani: Babu yangu alikuwa dereva wa Land Rover ya shamba la mkonge. Gari lilipouzwa akabaki na ufunguo mmoja. Mpaka leo uko kwenye kabati la bibi, na kila Idi bibi anaufuta vumbi. Kaka usiuze.

MgeniSaksonia: Nimepima. Mm 65.

Nahodha_74: Yapo yaliyopona. Moja, la mashindano ya kupanda milima, wapenzi wa magari wa Latvia waliliokoa Moscow 1976, likakaa Riga. Sasa lenyewe liko kwa Audi, Riga wana nakala. Halafu Paul Karassik na mkewe Barbara, kutoka Marekani, walihangaika miaka Urusi na Ukraine wakikusanya vipande, mpaka zikapatikana Type D mbili. Kwa hiyo pistoni moja si kitu kidogo. Uza, mdogo wangu, maisha ya ughaibuni tunayajua.

MwlMstaafu: Mnaongelea silinda, mimi nauliza watu. Mwenye nyumba yuko wapi?

MgeniSaksonia: Alihama, Mwalimu. Bosi alisema kinachobaki ni cha kutupa.

MwlMstaafu: Alihamia wapi, mwanangu?

MgeniSaksonia: Nyumba ya wazee. Ana miaka 89. Nilimpelekea kiti chake wiki ya pili, akanishika mkono akauliza, "Kile cha baba kiko wapi?" Baba yake alikuwa kiwandani hapo. Nikamwambia sijui. Lakini mnielewe, wanawe wenyewe walisaini kila kitu kiondolewe, na mimi nisingekichukua kingekuwa skrepa leo. Kuna mnunuzi, nimeshapokea kianzio cha yuro 600.

BintiPangani: Jamani. Alikushika mkono?

KondaMbagala: Mimi siamini huu uzi. Picha hamna. Kwanza gunia, halafu mzee, sasa kianzio, kila ukiulizwa inaongezeka sura. Tena Zwickau ndiko kulikotengenezwa Trabant, kile kigari cha Ujerumani Mashariki. Ile ya kwanza, P50, pistoni yake ni mm 66. Umepima kwa rula, sivyo? Umeokota pistoni ya Trabant, hadithi yote ukaitunga juu yake.

Nahodha_74: Hapo Konda ana hoja. Nami mwaka 2009 niliuziwa saa ya "nahodha wa Kijerumani", kumbe imetoka sokoni juzi.

FundiGerezani: Tusibishane, chuma kitasema. Trabant ni injini ya mipigo miwili: kwenye mifereji ya ringi utakuta vipini vidogo vya kuzuia ringi isizunguke. Auto Union ni mipigo minne: mfereji wa ringi ya oili una matundu ya kurudishia oili. Tafuta kalipa ya kupimia kipenyo, angalia kwa tochi.

MgeniSaksonia: Nimeazima kalipa. Mm 64.8. Vipini hakuna. Mfereji wa chini una matundu kuzunguka pande zote, mengine yamezibwa na oili iliyoganda kama gundi. Konda, sikutunga. Niliona aibu tu.

KondaMbagala: Basi nimekosea, ndugu yangu. Samahani.

FundiGerezani: Pistoni lazima iwe ndogo kidogo kuliko silinda, kwa hiyo 64.8 inakaa. Bado si ushahidi, injini za mipigo minne za mm 65 ziko nyingi. August Horch Museum iko hapohapo Zwickau, kwenye kiwanda cha zamani cha Audi, hao ndio wa kuitazama. Usiioshe kwa petroli, uchafu huo nao ni historia. Na lile gazeti lina tarehe gani?

MgeniSaksonia: Gazeti alilichukua mnunuzi siku ya kianzio. Alisema la kufungia tu.

FundiGerezani: Anajua anachonunua kuliko wewe unayeuza. Mrudishie pesa, dai gazeti.

MgeniSaksonia: Yuro 400 nilishatuma nyumbani, ada ya mdogo wangu.

MwlMstaafu: Nyingine utalipa kidogo kidogo. Mzee anapokea wageni siku gani?

MgeniSaksonia: Jumapili. Nimeifunga kwenye taulo, Mwalimu. Nitakwenda nayo.