Naomba ushauri: draiva za sensa zilizobaki bila mtunzaji

Wadau, tuna mradi huria wa vituo vya hali ya hewa hapa Uganda. Draiva (programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kusoma sensa) nyingi zililetwa na wachangiaji ambao sasa hawapatikani. Tatizo kubwa ni kukosa kifaa cha kujaribia. Mfano: tangu Linux 6.1, kitendakazi cha remove (kinachoitwa kifaa kinapoondolewa) kwenye draiva za I2C (njia ya waya mbili ya kuunganisha sensa na kompyuta) hakirudishi thamani, kwa hiyo draiva ya zamani inayorudisha int (namba kamili) inalalamikiwa au kukataliwa na kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu tekelezi). Marekebisho ni mistari michache tu, lakini nani atathibitisha bila sensa mkononi?

Halafu kuna bodi za sensa zinazouzwa kama BME280, inayopima joto, shinikizo la hewa na unyevu, kumbe ni BMP280 isiyopima unyevu. Hilo tumelidhibiti: draiva inasoma kwanza rejista 0xD0, yenye namba ya utambulisho wa chipu; ikipata 0x60 ni BME280, 0x58 ni BMP280. Anwani ya I2C haisaidii kuzitofautisha, zote hutumia 0x76 au 0x77.

Napendekeza kila draiva mpya ije na jina la mtunzaji, rekodi ya mawasiliano ya I2C ya kuchezeshwa kwenye majaribio badala ya sensa halisi, na bodi moja ya akiba ikae Kampala. Bodi naiona muhimu kuliko vyote. Je, ni haki kumdai bodi mchangiaji wa Gulu au Mbarara anayejitolea? Na draiva yatima mnaifuta baada ya matoleo mangapi, au mnaiacha ikiwa imezimwa?