Kurejesha faili la mipangilio kwenye swichi mpya ya mtandao wa hifadhi

Fundi wa Langoni, Lamu

Assalam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri kabla sijagusa kitu. Ofisi ninayoihudumia hapa Amu ina mtandao wa hifadhi ya data wenye fabriki mbili, A na B, yaani mitandao miwili ya swichi isiyounganishwa, na kila fabriki ina swichi mbili za aina ya Brocade zinazounganisha seva na makabati ya diski kwa Fibre Channel, itifaki ya mitandao ya hifadhi. Swichi moja ya fabriki B imekufa. Tulipoifungua tulikuta ubao wake umeliwa na chumvi, utando wa kijani umetanda kuzunguka miguu ya vipande vya usambazaji umeme, na kila anayefanya kazi karibu na bahari anajua hali hiyo. Seva zinaendelea kuhudumu kupitia upande wa A, lakini hatuna tena njia ya pili, na jambo hilo linaninyima usingizi.

Swichi nyingine ya modeli ile ile imefika Mokowe, ikavushwa kwa boti, na sasa iko mezani ikiwa na mipangilio ya kiwandani. Faili la mipangilio ya swichi iliyokufa, lililotolewa kwa configUpload, amri ya kunakili mipangilio nje ya swichi, ninalo, ila lilichukuliwa kabla hatujaongeza seva mbili mpya. Je, nichomeke nyaya zote kisha nilirejeshe, au nilirejeshe kwanza? Na zoni za zamani (orodha za vifaa vinavyoruhusiwa kuonana) zilizomo ndani ya faili hazitaharibu zoni zinazotumika sasa?

Bi Shela, Malindi

Waalaikum salaam, ndugu. Umefanya vyema kuuliza mapema, kwa sababu katika kazi hii mfuatano wa hatua una uzito kuliko amri zenyewe. Rejesha kwanza, nyaya baadaye. Mezani iache na umeme pamoja na kebo ya mtandao wa usimamizi tu.

Anza na toleo la programu endeshi. Linganisha matokeo ya firmwareShow ya swichi mpya na ya ile iliyobaki katika fabriki B, na kama yanatofautiana, yasawazishe kabla ya kupakua faili, kwa kuwa faili lililotoka kwenye toleo au modeli nyingine linaweza kuiangusha swichi. Kisha isimamishe kazi kwa switchDisable bila kukata umeme, endesha configDownload, na uiwashe upya ili mipangilio yote ishike. Usishangae kuona jina la swichi na anwani yake ya IP havikurudi: mistari inayoanza na neno boot hupuuzwa wakati wa kurejesha, hivyo mambo hayo utayaandika kwa mkono.

Sasa namba ya domeni, na hapa naomba usome polepole. Anwani ya Fibre Channel ina biti 24. Nane za mwanzo ni namba ya domeni ya swichi, nane zinazofuata ni eneo, na nane za mwisho ni poti. Swichi ya Brocade hutoka kiwandani ikiwa na domeni 1. Ikiwa mwenzake aliyebaki naye ni 1, na zote mbili ziko kazini kabla ya kuunganishwa, kiungo baina yao kitatengwa na fabriki haitaungana. Ukiiunganisha ingali imesimamishwa kwa switchDisable, huenda ikapewa namba nyingine iliyo wazi, na hilo nalo ni baya kwa njia yake, maana zoni zilizoandikwa kwa domeni na poti zitabaki zikielekeza mahali pasipo na kifaa. Zoni zilizoandikwa kwa WWN, namba ya kipekee ya kila kifaa, zitasalimika, lakini HP-UX ya zamani, mfumo endeshi wa seva za HP, hukumbuka anwani yenyewe ya kabati la diski, na anwani ikibadilika diski hazionekani tena mahali pake. Kwa hiyo fungua faili, tafuta mstari wa fabric.domain, na baada ya kurejesha hakikisha switchShow inaonyesha namba hiyo hiyo.

Kuhusu zoni, hofu yako ni ya haki. Faili lako lina zoni za zamani, ilhali swichi iliyobaki ina zoni za leo, zikiwemo za zile seva mbili. Zikikutana zikiwa na mipangilio miwili isiyolingana, kiungo kitatengwa. Dawa ni kufuta zoni kwenye swichi mpya ingali peke yake, kwa cfgDisable, cfgClear na cfgSave, ili itakapoungana ipokee zoni kutoka kwa mwenzake. Nakusihi sana: amri hizo usiziendeshe baada ya kuchomeka nyaya baina ya swichi, kwani hapo ufutaji huenea katika fabriki nzima. Angalia pia kwamba matokeo ya defZone --show, yaani kanuni inayotumika pasipo na zoni, yanalingana pande zote mbili.

Ukishamaliza hayo, chomeka nyaya baina ya swichi, tazama fabricShow na cfgActvShow, na zoni zikishaonekana sawasawa ndipo uchomeke seva na makabati, kila waya kwenye poti yake ya awali.

Msimamizi wa Seva, Malindi

Naongeza neno moja kwa watakaosoma wakiwa na Cisco MDS, swichi za hifadhi za kampuni ya Cisco. Huko, kunakili faili kwenye running-config (mipangilio inayotumika sasa) huongeza juu ya kilichopo wala hakukifuti, hivyo mabaki ya zamani huchanganyika na mapya. Anza kwa write erase na reload ndipo urejeshe, na ukimaliza usisahau copy running-config startup-config, ili mipangilio ibaki hata swichi ikizimwa.

Fundi wa Langoni, Lamu

Nawashukuru nyote. Nimefuata mfuatano wa Bi Shela. FabricShow inaonyesha swichi zote mbili, na zoni za sasa zimeingia zenyewe. Limebaki jambo moja: baadhi ya poti zinaandika No POD License, yaani hazina leseni ya kutumika, na nenosiri letu la zamani halikubaliwi.

Bi Shela, Malindi

Yote mawili ni ya kawaida, dada au kaka yangu. Nenosiri halimo katika faili la configUpload, kwa hiyo weka jipya kwa kila akaunti. Leseni nazo zimefungwa kwenye utambulisho wa kifaa chenyewe, na zile za swichi iliyokufa hazifanyi kazi kwenye nyingine. Endesha licenseIdShow kwenye swichi mpya, umpelekee aliyewauzia namba hiyo pamoja na namba ya swichi iliyokufa, na uombe leseni zihamishwe. Wakati unasubiri, wape makabati ya diski na seva zenye kazi nzito poti zilizo na leseni, mradi zoni zako ziwe za WWN na seva zisiwe za HP-UX ya zamani. Vinginevyo, acha nyaya mahali pake hadi leseni ifike. Poti zote zikishafunguka, chukua configUpload mpya siku hiyo hiyo na uiweke nje ya chumba cha seva.