Stadi za kijamii na kihisia: kipindi kipo kwenye ratiba, ugomvi haupungui

Swali (mwalimu mratibu)
Walimu wenzangu, habari za kazi. Shuleni kwetu tumetenga dakika 40 kila wiki za kufundisha stadi za kijamii na kihisia, lakini muhula wa 2 unakwisha na ugomvi kati ya wanafunzi uko palepale. Darasani wanazitaja vizuri hatua za kutuliza hasira, ila mmoja akisukumwa mstarini hakuna anayezikumbuka. Tumekosea wapi?

Jibu la 1
Pole na kazi, mwalimu. Kutaja hatua hizo ni jambo moja, na kuzitumia damu inapochemka ni jambo jingine kabisa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, ambao ulijumuisha programu 213 na wanafunzi zaidi ya 270,000, ulionyesha kwamba programu zilizofanikiwa zaidi zilifundisha kwa mfuatano uliopangwa, kwa mazoezi ya vitendo, katika muda maalumu, na kwa kuitaja waziwazi stadi inayolengwa. Muda mnao, nahisi vitendo ndivyo vinavyokosekana. Waigizeni tukio lenyewe la mstarini, na kila mwanafunzi ajizoeze kuvuta pumzi na kusema, “Sijapenda ulivyonisukuma,” mara nyingi hadi maneno hayo yamkae mdomoni.

Jibu la 2
Nakubaliana na mwenzangu, ila mimi ningeanza na sisi walimu. Mtoto aliyefundishwa kusikiliza katika kipindi chako, kisha akakaripiwa mbele ya wenzake katika kipindi kinachofuata, huamini alichokiona. Nchini Uingereza, programu ya SEAL, ya kufundisha stadi hizi hizi shuleni, ilipopelekwa sekondari kuanzia mwaka 2007, kila shule iliachiwa kwa kiasi kikubwa ijipangie itakavyo, na tathmini ya mwaka 2010 haikuona athari ya maana kwa wanafunzi. Walimu wote, pamoja na walinzi na wapishi, wapewe mafunzo na watumie lugha moja wanapoamua ugomvi. Na tafadhali, msiwape watoto alama za mtihani kwa hisia zao.

Mwuliza swali
Asanteni sana. Baada ya kuwasoma nimepitia daftari la nidhamu, nikaona kwamba ugomvi mwingi hutokea dakika chache baada ya mapumziko, kabla mwalimu hajaingia darasani. Nimeomba kikao cha walimu wote tulizungumzie hilo kwanza, kisha maigizo tutayaanzia kwenye dakika hizo hizo.