Ufaransa iliiuzia Marekani nini hasa mwaka 1803?

Muuliza swali:
Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi wa jambo linalonitatiza kila ninapolifundisha darasani. Vitabu vinasema kwamba mwaka 1803 Marekani ilinunua Louisiana kwa dola milioni 15, eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 2, na ukubwa wa nchi ukakaribia kuwa maradufu. Lakini humo waliishi Waosage, Walakota, Wamandan na wengineo, ambao wengi wao hawakuwahi kutawaliwa na Mfaransa hata siku moja. Muuzaji aliuza kitu gani?

Mchangiaji wa kwanza:
Kwa kanuni ambazo mataifa ya Ulaya yalijitungia yenyewe, Ufaransa iliuza dai tu, yaani haki ya kuwa taifa pekee la kizungu linaloweza kununua ardhi hiyo kwa wenyeji, au kuwanyang'anya kwa vita, bila Mwingereza wala Mhispania kuingilia. Mahakama ya Juu ya Marekani iliitamka kanuni hiyo waziwazi mwaka 1823 katika kesi ya Johnson dhidi ya M'Intosh. Ardhi yenyewe ilichukuliwa baadaye, mkataba baada ya mkataba. Waosage, kwa mfano, waliachishwa sehemu kubwa ya Missouri ya leo mwaka 1808, kwa malipo ambayo naona haya kuyaita bei.

Mchangiaji wa pili:
Niongeze kwamba hata dai lenyewe Napoleon hakuwa na nguvu za kulilinda. Jeshi alilolipeleka katika koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti, liliteketezwa na homa ya manjano pamoja na mapigano ya watu waliokataa kurudishwa utumwani, na kamanda wake, Leclerc, akafa Novemba 1802. Bila koloni lile la sukari, Louisiana haikuwa na faida kubwa kwake, ndiyo maana Livingston na Monroe, wajumbe wa Marekani waliotaka hasa bandari ya New Orleans, wakajikuta wanauziwa eneo zima.

Muuliza swali:
Nashukuru sana. Je, wenyeji waliarifiwa?

Mchangiaji wa tatu:
Waliarifiwa, tena biashara ikiwa imekwisha. Meriwether Lewis na William Clark, viongozi wa msafara wa serikali ya Marekani walioanza kuupanda mto Missouri Mei 1804, hawakutumwa kuchora ramani tu. Walipokutana na wakuu wa Waoto na Wamissouri mwezi Agosti, askari wao walipiga gwaride, wakagawa medali zenye sura ya Rais Jefferson, kisha wakawaeleza kwamba "baba" zao wa Kifaransa na Kihispania wameondoka na sasa wana baba mpya. Walakota, waliokuwa wakidhibiti biashara ya mto, hawakuvutiwa na hotuba hiyo, na mwezi Septemba pande mbili hizo nusura zipigane. Majira ya baridi yalipoingia, wajumbe wa huyo baba mpya walipiga kambi jirani na Wamandan, wakaishi kwa mahindi ya wenyeji hao, na ili wayapate, wahunzi wao walilazimika kuwafulia wenye shamba mashoka ya vita.