Ushauri: Miaka tisa nafundisha maporomoko nisiyoyaona. Niende Livingstone, au nianzie Lofoi?

Mwalimu wa Katuba

Wakubwa kwa wadogo, jambo yenu.

Nafundisha jiografia sekondari, hapa Lubumbashi. Kila mwaka tukifika kwenye mito ya Katanga nachora Lofoi ubaoni: mstari mmoja mrefu wa chaki unateremka kutoka uwanda wa Kundelungu, na chini yake nasugua chaki ubavu ili ukungu uonekane. Nawaambia watoto kwamba maji haya yanaanguka zaidi ya mita 300, na yale ya Victoria yanayosifiwa dunia nzima ni mita 108. Darasa linapiga kelele za furaha, nami naona fahari kama vile nimeyamwaga mimi.

Mwezi uliopita binti mmoja wa dawati la mbele akainua mkono. "Mwalimu, yakifika chini yanalia namna gani?"

Nilisimama na chaki mkononi. Nikamwambia yanalia kwa nguvu. Akaandika kwenye daftari "yanalia kwa nguvu", akapiga mstari chini yake. Tangu siku ile mstari ule haujanitoka kichwani.

Sasa shida yangu. Kwa miaka mitatu nimeweka dola 700 kutoka masomo ya jioni. Pasipoti ninayo. Tangu utoto nataka kufika Livingstone, mji wa Zambia ulio karibu na Victoria, maana mjomba alituletea kalenda yenye picha ya yale maporomoko, na ilikaa ukutani hata miezi yake ilipokwisha. Sijawahi kuvuka mpaka wowote. Mama watoto ananiambia nianzie kwetu. Wenzangu shuleni wanasema Lofoi ni pori tu, mtu akiwa na pesa aende nje akapanuke akili.

Nawauliza mliokwenda mbali na mliotembea karibu: mlirudi na nini ndani yenu? Sina pesa ya kufanya yote mwaka huu.

Shoferi wa Kasumba

Mwalimu, kwanza nikutoe kosa moja. Unafikiri karibu ni rahisi. Livingstone unapanda basi: Kasumbalesa mpakani, Kitwe, Lusaka, na kutoka Lusaka ni kama kilomita 480 za lami. Kila mji una chakula na pa kulala. Lofoi hakuna basi. Unakodi jeep na mtu anayeijua njia, unabeba mafuta, hema, maji na unga wako. Ukienda peke yako, hiyo jeep itakula akiba yako kabla hujaona tone. Tafuteni watu watano au sita mgawane.

Pili, juu ya kupanuka akili. Miaka kumi na moja niko kwenye usukani. Ndola, Lusaka, Harare, Johannesburg, kote nimefika. Ukiniuliza habari zake nitakuambia pa kuegesha lori na bei ya mafuta. Mara moja tu gari liliniharibikia karibu na Livingstone, nikangoja kipuri siku nne. Siku ya tatu nikaenda kwa miguu kutazama. Nililowa mpaka noti mfukoni zikagandana, nikabaki nimesimama kama mtoto. Katika safari zangu zote, hiyo ndiyo ninayoweza kumsimulia mwanangu. Kwa hiyo popote utakapochagua, kaa. Usipite.

Na kata kadi ya chanjo ya homa ya manjano mapema, siku kumi kabla ya kuondoka au zaidi. Sindano moja inatosha maisha yote.

Mama Munkoyo

Mwalimu, mimi Lofoi nimefika. Tulikwenda na wenzangu wa kwaya, wiki ya Pasaka, watu saba katika jeep moja. Mvua zilikuwa hazijaisha na tulisukuma gari mara nne. Nilirudi na kiatu kimoja.

Lakini sikiliza. Pale juu ya uwanda majani ni marefu, upepo ni baridi, huoni dalili yoyote ya shimo. Halafu ardhi inakatika. Mto unafika ukingoni kama mtu asiyejua kilicho mbele, unaanguka. Nililala kifudifudi, dada mmoja akanishika miguu, nikachungulia. Maji yanaondoka yakiwa meupe na mazito, katikati yanaanza kupasuka vipande, chini kabisa huoni tena maji, unaona moshi.

Kuhusu swali la binti yako: tukiwa juu hayakulia kwa nguvu. Yalisikika kama mvua inayonyesha kwenye mabati ya jirani, wewe umelala kwako. Chini sikuteremka, kwa hiyo chini sitakusemea.

Ila likizo yenu kubwa ni Julai na Agosti, na kiangazi Lofoi inakonda sana. Maji yanaweza kugeuka ukungu kabla ya kugusa chini. Ukienda wakati huo utarudi na huzuni. Victoria mwezi wa saba bado yana maji mengi. Ukichelewa hadi Oktoba, upande wa Zambia sehemu kubwa inabaki mwamba mtupu.

Mtoto wa Likasi

Mimi naona aibu jinsi tunavyohesabu safari kwa mihuri ya pasipoti. Mwalimu, umeshaingia makumbusho ya hapo mjini? Umewahi kusimama mbele ya misalaba ya shaba, ile iliyokuwa pesa ya mababu zetu, inayofanana na ile waliyozikwa nayo watu wa Sanga kando ya ziwa Kisale? Hiyo haihitaji jeep. Anza Jumamosi hii.

Dada wa Ndola

Kaka Likasi ana haki, lakini asimkatishe tamaa mwalimu. Kuvuka mpaka kuna kitu ambacho kukaa kwetu hakunipa.

Nilipohamia huku Ndola nilidhani naingia ugenini kabisa. Siku ya kwanza sokoni nikasikia wamama wanagombana kwa Kibemba, Kibemba kile kile cha bibi yangu, na bukari, yaani ugali, wanauita nshima. Kilichonibadilisha ni kidogo tu: nilijifunza kuuliza. Lubumbashi sikuwa nauliza mtu kitu, nilijiona najua. Huku nauliza njia, nauliza bei, nauliza jina la mboga.

Mwaka jana nilikuja likizo, nikamkuta mama anayetuuzia samaki wa moshi soko la Kenya, mtaa wa hapo Lubumbashi, tangu mimi ni mtoto. Kwa mara ya kwanza nikamwuliza: hawa samaki wanatoka wapi? Akacheka, akasema Kasenga, kwenye Luapula, kesho naenda, njoo. Nikaenda naye siku mbili. Nilikuwa nimekula mto ule miaka ishirini bila kuuona. Kama nisingeondoka nchini, sijui kama ningemwuliza yule mama.

Nenda Livingstone, mwalimu. Na huko useme na watu, usipige picha tu.

Mwalimu wa Katuba

Aksanti sana, wote.

Jumamosi nilikwenda makumbusho na watoto wanne, akiwemo yule binti. Alikaa mbele ya msalaba mmoja wa shaba muda mrefu, halafu akauliza ulikuwa mzito kiasi gani. Huyu mtoto ataniua kwa maswali.

Nimeamua hivi. Julai naenda Livingstone, kwa basi, nakaa siku nne nzima kama alivyosema shoferi. Mosi-oa-Tunya, ndivyo wenyeji wanavyoyaita maporomoko ya Victoria, yaani moshi unaonguruma: hata jina hilo sikio letu la Kiswahili linalitambua nusu. Lofoi ni Pasaka, na walimu wanne wameshakubali kugawana jeep. Mama Munkoyo, nitavaa buti za kufunga kamba.

Binti nimemwambia ukweli, kwamba sijafika. Akafungua daftari, akafuta ule mstari, akaacha nafasi wazi.

Shoferi, nawe nikupe kitu kwa malipo ya ushauri. Mpaka wetu na Zambia pale Kasumbalesa unafuata mgongo wa nchi. Mvua inayonyesha upande wetu inakwenda Kafubu, Luapula, mpaka mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Inayonyesha upande wa pili inakwenda Kafue, kisha Zambezi, mpaka bahari ya Hindi. Hayo ya Lofoi nayo yanashuka Lufira, yanaingia Lualaba. Kwa hiyo maji ya Lofoi hayatakutana na ya Zambezi kabla ya bahari. Nataka kusimama hapo mpakani dakika tano kabla basi halijaondoka.

Shoferi wa Kasumba

Mwalimu, miaka kumi na moja nangoja foleni pale, siku nyingine tunalala na mvua inatupiga. Sikujua hata siku moja. Niambie ni sehemu gani hasa, kabla ya kizuizi au baada yake? Alhamisi napita.