Ukoo wa Kunduchi: hitima ya Babu

JUMANNE

Mama Salma [19:08]: Asalaam aleikum ndugu zangu. Hitima ya Babu ni Jumapili hii baada ya adhuhuri, nyumbani kwa Bibi. Watu 150, na watoto wa madrasa wamo humo. Mchele bado, nyama bado, mpishi bado. Michango nimepokea ya watu saba tu. Naomba kila mtu ajibu leo.

Mama Salma [19:40]: Tiki za bluu naziona jamani. Mmesoma.

Hamisi [19:52]: Waaleikum salaam Shangazi. Niko foleni Mwenge, nikifika nyumbani natuma.

Mama Salma [19:55]: Ahsante Hamisi. Jambo la pili, nalisema mapema ili siku yenyewe nisisikie maneno. Chakula cha Jumapili kitapikwa kwa chumvi ya kupima, sio ya kukisia kwa kiganja. Mnajua hali ya Kaka Saidi tangu apate kile kiharusi. Na wengine humu tunameza vidonge vya presha kimya kimya.

Juma [19:57]: Shangazi tuazime mizani ya sonara 😂

Zuwena [19:57]: 😂😂😂

Hamisi [19:58]: Mpishi anapima punje, sheikh anaangalia saa

Mama Salma [20:03]: Juma, cheka ukimaliza kuchanga. Hesabu yenyewe hii hapa. Mara ya mwisho tulitia paketi mbili za nusu kilo kwenye pilau na ya tatu kwenye mchuzi. Gramu 1,500 kwa watu 150 ni gramu 10 kila sahani. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku nzima, kijiko kimoja cha chai cha kusawazisha, tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha usiku. Sisi tulimpa mtu chumvi ya siku mbili kwa mkupuo mmoja. Na hapo sijahesabu vidonge vya supu na viungo vya paketi, navyo vimejaa chumvi.

Mama Zuhura [20:16]: Hiyo mara ya mwisho unayoisema ni Kibaha?

Mama Salma [20:17]: Sijataja Kibaha.

Mama Zuhura [20:19]: Paketi tatu ni Kibaha. Na aliyeshika mwiko Kibaha anajulikana. Umeona bora uandike mbele ya watoto.

Mama Salma [20:20]: Mama Zuhura mimi naongelea chumvi, siongelei mtu.

Mama Zuhura [20:24]: Miaka yote hii hakuna aliyenifuata kuniuliza. Maneno nilisikia kwa majirani. Mkono wangu haujaingia kwenye sufuria la ukoo tangu siku ile, na Jumapili hautaingia. Mchango wangu nitatuma.

Mama mdogo Tatu [20:31]: Jamani tusirudi Kibaha.

Juma [20:33]: Jumapili si kuna mechi saa kumi? Hitima itaisha saa ngapi?

Hamisi [20:33]: Ndiyo ile ile. Kwa Bibi kuna king'amuzi?

Juma [20:34]: Kipo ila hakijalipiwa

Mama Salma [20:36]: Mnanitia uchungu. Nauliza habari ya mpishi, mnajibu mpira.

Mjomba Rashidi [21:12]: *Imesambazwa mara nyingi*
ACHA CHUMVI NYEUPE NI SUMU!!! Tumia chumvi ya pinki ya Himalaya, ina madini 84, INAPONYA PRESHA na figo. Koroga kijiko kwenye maji ya vuguvugu kila asubuhi kabla ya kula chochote. Watumie unaowapenda.

Zuwena [21:15]: Mjomba hiyo nimeiona dukani Masaki, bei yake unanunua kuku

Mjomba Rashidi [21:20]: Afya haina bei

Hassan wa Bagamoyo [21:44]: Kwani ya pinki ya nini. Mimi Jumamosi naweza kupitia kwenye mabwawa huku nikaleta gunia la chumvi ya bahari, ya jua tupu, haijaguswa na kiwanda. Hiyo ndiyo asili yetu. Babu mwenyewe alikuwa mtu wa chumvi.

Mama mdogo Tatu [21:46]: Wazo zuri hilo Hassan, itakuwa kumbukumbu

Wifi Neema [22:05]: Shikamooni wakubwa. Mimi ni mgeni kwenye ukoo, mnisamehe nikisema. Kwetu Makambako bibi yangu mzaa mama alikuwa na rovu shingoni, kubwa, akivaa kitenge anafunika. Majirani zake wawili nao. Hospitali walieleza ni upungufu wa madini joto, udongo wa milimani hauna, basi na mboga hazina. Chumvi ya paketi imechanganywa madini joto kwa ajili hiyo. Ya gunia inayotoka bwawani moja kwa moja haijachanganywa.

Hassan wa Bagamoyo [22:09]: Lakini wifi hii inatoka baharini, na bahari ina kila kitu

Wifi Neema [22:11]: Sijui shemeji. Nimesema nililoliona.

JUMATANO

Mwajuma Nesi [07:26]: Shikamooni. Nilikuwa zamu ya usiku, nimesoma yote sasa hivi. Wifi Neema yuko sahihi. Maji ya bahari yana madini joto, ila yakikauka kwenye bwawa yanayobaki ndani ya chumvi ni kidogo mno. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 sheria ya nchi inataka chumvi ya kula iwekwe madini joto, iwe ya bahari au ya Uvinza. Mama mjamzito akiyakosa sana, anayeumia ni ubongo wa mtoto tumboni, na hilo halina dawa ya baadaye. Jumapili Zuwena atakuwepo na mimba yake. Hassan, gunia lako lije kwa kukaushia samaki au lisije.

Hassan wa Bagamoyo [07:41]: Sawa nesi

Mwajuma Nesi [07:44]: Mjomba Rashidi shikamoo. Ile ya pinki inachimbwa migodini Pakistani. Rangi inatokana na chuma kidogo kilichomo. Karibu yote ni chumvi ile ile iliyopo jikoni kwako, na presha inapanda vile vile. Yale maji ya kijiko kizima asubuhi nakuomba usimpe mtu, hasa Baba Mkubwa. Kijiko hicho peke yake ni chumvi ya siku nzima.

Mjomba Rashidi [08:30]: Marahaba. Mimi nilituma tu.

Mwajuma Nesi [08:33]: Na jamani chumvi yenyewe si adui. Mwili unaihitaji, misuli na mishipa ya fahamu haifanyi kazi bila hiyo. Shida ni kwamba siku hizi inaingia kwa milango ambayo bibi zetu hawakuwa nayo. Mkate, soseji, chipsi, tambi za paketi, supu ya kidonge. Mtu anafika kwenye pilau tayari amekula ya siku nzima.

Mama Salma [08:35]: Mungu akubariki mwanangu. Someni hapo juu wote. SOMENI.

Mama mdogo Tatu [09:02]: Na maharage? Mimi nilitaka yapikwe kwa magadi, yaive upesi, mkaa umepanda.

Mwajuma Nesi [09:04]: Magadi nayo ni sodiamu Mama mdogo. Kwa mwenye presha yanaingia kwenye hesabu ile ile. Loweka maharage usiku kucha umwage maji, yataiva.

Zuwena [10:17]: Mnakumbuka ng'onda ya Bibi ya mchuzi wa nazi 😭 mimi na hii mimba naiota

Juma [10:18]: Ile harufu ilikuwa inafika Tegeta

Hamisi [10:20]: Halafu ndiyo chumvi tupu ile, nesi atazimia

Mwajuma Nesi [10:26]: Hapana Hamisi, ng'onda ya Bibi ilikuwa na akili. Samaki analazwa kwenye maji, maji yanamwagwa, analazwa tena, anasafishwa mpaka chumvi inabaki ya kutosha tu. Akiingia kwenye tui hakuna anayeongeza chumvi, samaki mwenyewe ndiye chumvi ya sufuria zima. Ukali unatoka kwenye embe mbichi au ukwaju. Na kipande kilikuwa kimoja kwa watoto wanne, kinachojaza tumbo ni ugali na mchicha. Sasa hivi mtu anapika ng'onda ile ile, anatia chumvi, anatia na kidonge.

Mama Salma [10:29]: Hilo ndilo ninalolililia. Mama zetu walikoleza kwa ndimu, ukwaju, embe, tangawizi, kitunguu kilichokaangwa vizuri, binzari iliyotwangwa siku ile ile. Chumvi ilikuwa inakuja nyuma. Sisi tumeviacha vyote hivyo tukabaki na chumvi na paketi. Nimepanga Jumapili hivi. Pilau chumvi gramu 300, bila kidonge hata kimoja. Kachumbari ya ndimu isiyo na chumvi. Mchicha wa nazi. Ndizi mbivu. Juisi ya ukwaju, sukari kidogo. Achari haiji. Vichupa vya chumvi mezani HAVIJI.

Hamisi [10:34]: Gramu 300 kwa kilo 25 za mchele? Shangazi watu watasema tumewapikia wali wa hospitali

Juma [10:35]: Tutaandikwa

Mama Salma [10:36]: Waseme.

Mama Zuhura [11:50]: Gramu sizijui. Ila pilau haionjwi ikishaiva. Unaonja supu ya nyama kabla mchele haujaingia. Ukiisikia imekolea kidogo kuliko unavyotaka, basi, mchele utainywa. Kitunguu kikiwa cha kahawia sawasawa na nyama imechemka na tangawizi na thomu ya kutosha, hakuna atakayeuliza chumvi. Anayetia chumvi mara ya pili ni yule aliyeunguza kitunguu.

Mama Salma [11:52]: Mama Zuhura unaona sasa? Nani mwingine humu anajua haya? Njoo ushike mwiko.

Mama Salma [12:40]: Mama Zuhura?

Mama Salma [14:15]: Basi nani anapika?

Baba Mkubwa Saidi [16:48]: Nimesoma tangu jana. Mkono wa kulia bado mzito, naandika polepole. Mnaijadili sahani yangu kama sipo. Pikeni mnavyopenda, wageni wasinung'unike kwa ajili yangu. Mimi nitakula nyumbani kabla sijaja, nitakaa na masheikh wakila.

Mama Salma [16:50]: Kaka Saidi shikamoo. Sikuwa na maana hiyo wallahi.

Mama mdogo Tatu [16:58]: Shikamoo Kaka. Usiseme hivyo.

Juma [17:05]: Shikamoo Baba Mkubwa. Samahani kwa utani.

Mwanaidi (niko kwa Bibi) [18:22]: 🎤 Sauti 2:41

Hamisi [18:24]: Mwanaidi bando langu limeisha, tuandikie alichosema Bibi

Mwanaidi (niko kwa Bibi) [18:49]: Nimemsomea yote tangu jana. Amesema hivi, nimeandika kama alivyotamka:

"Babu yenu amefanya kazi kwenye mabwawa ya chumvi ya hapa Kunduchi kabla ninyi hamjazaliwa. Maji ya bamvua yanafunguliwa yaingie, yanafungiwa, jua linayanywa, halafu wanakokota. Ikinyesha mvua ya siku moja kazi yote imekwisha. Alikuwa anarudi nyayo zimepasuka, nampaka mafuta ya nazi analia kama mtoto. Chumvi tulikuwa nayo gunia zima nyuma ya mlango, ya bure, na mboga yangu hakuna siku imekuwa ya chumvi. Alikuwa ananiambia, hii nimeilipia kwa miguu yangu, usinitupie ovyo. Nimemzika yeye. Nimemzika Athumani, kiharusi, hajafika hamsini. Saidi hatakula nyumbani kwake siku ya hitima ya baba yake. Atakula kwangu, kwenye sinia moja na masheikh, chakula kile kile. Hakuna sufuria la mgonjwa hapa. Chakula asichoweza kula Saidi kisipikwe. Na Zuhura ashike mwiko. Ya Kibaha mimi sikuyataka na sitaki kuyasikia tena nyumbani kwangu. Atakayeona chakula changu hakijakolea, ndimu zipo mtini nyuma ya nyumba, akachume."

Mama Salma [18:53]: Tumesikia Mama. Shikamoo.

Hamisi [18:53]: Shikamoo Bibi

Zuwena [18:54]: Shikamoo Bibi 🙏🏽

Juma [18:54]: Shikamoo Bibi

Hassan wa Bagamoyo [19:01]: Shikamoo Bibi. Chumvi siji nayo, nitaleta nazi hamsini.

Mjomba Rashidi [19:10]: Mama shikamoo

Baba Mkubwa Saidi [19:37]: Sawa Mama. Nitakuja mapema.

Wifi Neema [19:40]: Mimi na wenzangu wawili tutakuja Jumamosi usiku kukata vitunguu na kumenya thomu.

Mama Salma [20:15]: Ahsanteni. Mwajuma, chumvi nimeshaipata ya paketi, imeandikwa madini joto. Nimeimimina kwenye kopo lenye mfuniko, nimeiweka mbali na jiko. Vizuri?

Mwajuma Nesi [20:58]: Vizuri. Isikae wazi, isipigwe na jua, madini joto yanapotea. Na ile ya mchicha itie ukikaribia kuepua.

ALHAMISI

Mama Salma [06:40]: Asalaam aleikum. Mama Zuhura nimepiga jana mara tatu, simu inaita tu. Umesikia neno la Bibi. Kama una la kuniambia mimi, niambie mimi.

Mama Salma [09:15]: Mama mdogo Tatu, wewe mnaishi mtaa mmoja. Umemuona?

Mama mdogo Tatu [11:30]: Nimemuona sokoni asubuhi. Alikuwa ananunua tangawizi, nyingi. Sikumuuliza.

Juma [11:31]: Tangawizi ya nyumbani kwake au ya watu 150?

Mama mdogo Tatu [11:33]: Nimesema sikumuuliza.

Mama Zuhura [13:02]: Mchango wangu nimetuma.

Mama Salma [13:03]: Nimeupata, ahsante. Na mwiko?

Mama Salma [13:50]: Michango imefika watu kumi na mmoja. Waliobaki mnajijua.

Hamisi [14:20]: Shangazi niko Tandale hapa, kuna mchele wa Kyela mzuri, unanukia. Nichukue?

Mama Salma [14:21]: Chukua kilo 25. Kabla hujalipa, waambie wafungue gunia uone mpaka chini.

Hamisi [14:22]: Na kama Mama Zuhura hatakuja nani anapika?

Mama Salma [14:30]: Chukua mchele kwanza.